Batani ya Tano

Nekesa alifika kwangu Karagita asubuhi, nikiwa bado napiga deki ya cyber yangu nimejifunga leso. Alishuka kwa boda na bahasha ya khaki chini ya kwapa, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimejua. Nimefanya hii kazi miaka mingi. Bahasha ya CV watu huja wakiipeperusha, bahasha ya marehemu huja imekumbatiwa. "Auntie Ciru," akasema, "Mama ametuacha. Jumapili. Na alisema programu ya mazishi isiandikwe na mtu mwingine, ni wewe." Mimi nikizidiwa na jambo hufanya mzaha, ni ugonjwa, sina dawa yake. Nikamwambia, "Yaani huyo mama bado ananituma kazi?" Akacheka kidogo, akalia kidogo, nikamwekea kiti na chai. Halafu nikafungua droo ya chini, nikatoa kile kisanduku cha mbao chenye batani tisa, nikakipangusa na leso, nikakiweka kati yetu kwa meza. Nekesa akakiangalia. "Hii ndiyo ile?" Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo, na bado inafanya kazi kuliko mimi.

Mwaka niliotengeneza hicho kisanduku nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nafanya photocopy huko Bahati kwa cyber ya mtu anaitwa Gathogo. Habari za ukoo wangu tuachie chifu, yeye ndiye hupenda kuziuliza. Inatosha kujua kwamba shule niliachia form two, na si kwa sababu ya ujinga. Sawa, kidogo ilikuwa ujinga. Cyber yenyewe ilikuwa chumba kimoja kimegawanywa na plywood. Mbele kulikuwa na kompyuta nne, hiyo ya nne ikizima ukikohoa. Nyuma kulikuwa na mashine ya photocopy, mimi, na dirisha moja lililoangalia karakana ya Fundi Oti, ambaye kazi yake ilikuwa majeneza. Kwa hivyo harufu ya ujana wangu ni wino wa photocopy, vanishi, na githeri ya saa saba. Biashara zetu zilikuwa zinashikana mikono. Mtu akishachagua jeneza kwa Oti anaingia kwetu kuandikisha programu, na Oti akiona tumekaa bila kazi anatuita kwa dirisha, "Hawa watu wa Bahati siku hizi wanakula nini, mbona wako na afya hivi?"

Mwenye kuandika alikuwa Mama Nekesa. Alikuwa mama wa hamsini na kitu, mtoto wa reli, aliyezaliwa Nakuru kwa nyumba za wafanyakazi. Alikuwa na kiti chake chenye mto wa kushona ambao hata Gathogo hakuruhusiwa kukalia. Alikuwa ameanzia kwa taipureta, so alikuwa anagonga kibodi kama imemkosea. Lakini kitu ya huyo mama haikuwa mikono. Watu wakija na marehemu wao, alikuwa anaweka mikono kwa mapaja kwanza, anauliza. "Alikuwa anapenda kula nini? Alikuwa anakasirishwa na nini?" Wanaanza ile ya kawaida, oh, alikuwa mtu mzuri, mcha Mungu. Anawakatiza polepole: "Wakishakufa wote ni wazuri, mwanangu. Wewe niambie wake." Siku moja jamaa fulani, mkubwa hivi, wa koti, alifikiria sana halafu akasema mama yake alikuwa anachukia mtu anayebisha mlango kama anaogopa. Mama Nekesa akaandika hivyo hivyo, na yule jamaa akacheka huku kamasi zinatoka. Kila programu ilikuwa na mstari mmoja kama huo. Watu wa Bahati walikuwa wanakunja hiyo karatasi wanaiweka ndani ya Biblia.

Sasa, Januari. Mlango wetu ulikuwa ule wa bati wa kuteremsha, shutter, na springi yake ilikuwa imevunjika, kwa hivyo ilikuwa lazima watu wawili waushike, mmoja huku mwingine kule, muuteremshe pamoja. Jioni moja tunaufunga, mimi namsimulia hadithi ya jogoo wa kanisani kwetu. Unajua ule mnada baada ya ibada, watu wameleta sadaka ya mayai na miwa na sukuma, zinauzwa hapo hapo. Jogoo huyu alikuwa amenunuliwa akarudishwa, akanunuliwa tena akarudishwa, yote kuchanga pesa za mabati ya kanisa, mpaka mara ya tatu akachoka na wokovu, akaponyoka, akapanda juu ya mimbari, akakunjua mabawa. Mama Nekesa alikuwa anacheka, ameshika upande wake wa mlango. Na mimi, ili aone vizuri vile mabawa yalikunjuka, nikakunjua yangu. Yote mawili.

Shutter ilimwangukia mkono wa kulia. Vidole vitatu. Nakumbuka hakupiga kelele, alisema tu "Ai," kama mtu ameonja chumvi imezidi. Kwa Gathogo, kesho yake, alisema iliteleza. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikageuka, nikaenda kuweka karatasi kwa mashine. Mfupa ulishika vibaya, na alivyorudi kazi mwezi wa tatu vidole vile vilikuwa vimejikunja kama mtu ameshika kikombe. Alikuwa anaandika na mkono wa kushoto na kidole kimoja cha kulia. Akachoka mapema, akanywa chai yangu kama kawaida yake, "nionjeshe tu," halafu akaniuliza, "Na yule jogoo? Alifanya nini huko juu?" Nikamwambia nitakumalizia kesho.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku mbaya, kwa sababu mazishi mengi ni Ijumaa na Jumamosi, na foleni ilikuwa inafika mpaka kwa mbao za Oti. Plywood haizuii maneno. Siku moja ya Alhamisi nilimsikia Gathogo upande wa pili, anaongea polepole, ile sauti ya mtu ameshaamua. "Mama, mimi sina shida na wewe. Shida ni foleni. Kuna msichana amemaliza college, anaandika bila kuangalia." Mama Nekesa akasema, "Hata mimi niliandika bila kuangalia, Gathogo." "Najua. Ndiyo nasema tungoje mpaka Agosti iishe. Kama foleni haijaisha, unielewe." Mama Nekesa alikuwa na Nekesa form three na nyumba ya kupanga na hiyo kazi tu. Nilisimama hapo na karatasi ya mtu mkononi, mashine inaniuliza niweke A4, na nikajua kwamba huyo mama atafukuzwa na jogoo wangu.

Kile kisanduku nilikiona mara ya kwanza kwa video, kwa kompyuta namba nne, wakati nilifaa kuwa nafanya kitu kingine. Kijana mmoja wa ng'ambo huko ametengeneza kibodi ndogo ya batani tisa. Akibonyeza moja, barua pepe nzima inajiandika. Nikaangalia mara tatu. Kwa sababu programu ya mazishi ni nini? Robo tatu ni maneno yale yale. Ibada ya mazishi ya marehemu fulani. Mwili utaondoka mochari saa mbili. Aliugua kwa muda mfupi akavumilia. Familia inawashukuru majirani, madaktari, na wote waliosimama nasi. Mama Nekesa alikuwa anavunja vile vidole vyake kwa maneno ambayo hata mimi niliyajua kwa kichwa.

Nikaagiza kutoka Nairobi kibao cha kielektroniki, kidogo kama biskuti ya chai, ndicho ubongo wa kisanduku. Batani niling'oa kwa kibodi ya zamani iliyokuwa inazuia mlango wa choo. Waya nilitoa kwa kebo ya intaneti iliyoliwa na panya. Chuma ya kuyeyushia risasi, ile ya kushikisha waya, niliazima kwa fundi wa redio, na kila mchana watu wakienda kula mimi nilikuwa naenda kwa Oti, kati ya majeneza, nashika waya na meno. Oti alikuwa ananisimamia na sahani ya chapati madondo, anashauri mambo hajui. Kila batani inataka daiodi, kimdudu cha glasi chenye mstari mweusi upande mmoja, umeme unapitia upande mmoja tu. Nikaunganisha zote tisa. Nikaziangalia nikajipenda. Kumbe zote tisa nimezigeuza, kichwa chini miguu juu. Ungeniona. "Form two," Oti akasema, "ndiyo hiyo sasa." Nilikaa juu ya jeneza la watu nikataka kulia. Halafu nikasoma tena yale maelezo ya kizungu niliyotoa kwa intaneti, polepole, na kidole, na kumbe kuna mstari mmoja kwa faili ambapo unaambia kifaa daiodi zinaangalia wapi. Si lazima ung'oe kitu. Unabadilisha neno moja, unageuza dunia badala ya kujigeuza wewe.

Hiyo faili ndiyo firmware, ile programu inakaa ndani ya kifaa na kukiambia batani hii kazi yake ni gani. Unaiandika kwa kompyuta, unaijenga, yaani unaigeuza iwe lugha ya kifaa, kompyuta inakutukana mistari ishirini, unarekebisha, unajenga tena. Ikikubali, unaflash, yaani unaisukuma iingie ndani ya kile kibao. Na kibao changu kilikuwa na madharau, kilikuwa kinafungua mlango sekunde nane tu. Unagusanisha pini mbili mara mbili na kipini cha nywele, halafu unakimbia kubonyeza enter kabla mlango haujafungwa. Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya pili kipini kikaanguka. Mara ya tatu kompyuta namba nne ikazima, kwa sababu mteja alikohoa. Ya nne ikaingia. Nikabonyeza batani ya kwanza mbele ya Mama Nekesa, na IBADA YA MAZISHI YA MAREHEMU ikajiandika yenyewe, isipokuwa kompyuta ilimeza herufi zingine, ikatoka IBDA YA MZSHI. Mama Nekesa akavua miwani. "Huyu anaandika kama amelewa." Nikarudi, nikaiambia ipumue kidogo kati ya herufi moja na nyingine, nikaflash tena, na mara hii ikatoka yote, herufi kwa herufi, kama mtu mwenye adabu. Aliangalia skrini, akaangalia mkono wake, akasema, "Tena." Akabonyeza mara sita. Tukafuta mazishi sita.

Oti ndiye alitengeneza kisanduku, kwa kipande cha mbao ya jeneza, akakipaka vanishi mara mbili. "Saizi ya panya," akasema, "lakini ametoka familia nzuri."

Tukagawana batani. Ya kwanza kichwa, ya pili ratiba ya siku, ya tatu familia, ya nne ugonjwa na hospitali, ya sita mpaka ya nane shukrani na wimbo na mistari ya Biblia, ya tisa kuprint. Ya tano ndiyo tulipigania. Mimi nilikuwa nimeweka sifa: Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mkarimu, na mlango wake haukujua kufuli. Nilikuwa nimejivunia hiyo ya kufuli, niliitunga mwenyewe. Mama Nekesa akasoma, akatikisa kichwa. "Hapa hapana. Hapa iandike 'Alikuwa mtu wa' halafu inyamaze." Nikamwambia, mathe, tunatafuta dakika, hapa ndiyo unapoteza dakika. Akasema, "Hizo zingine zote ni za kutafuta dakika. Hii ndiyo ya kuzitumia. Weka inyamaze, Ciru. Nikiona imenyamaza nitajua ni saa ya kuuliza." Nikasema sawa. Lakini kubadilisha ni kujenga upya na kuflash upya, na kipini, na sekunde nane, na namba nne. Na ndani yangu nilikuwa najua kuliko yeye. Nikasema nitabadilisha kesho. Kama ya jogoo.

Wiki hizo za kwanza alikuwa anaongea na watu, na akifika hapo anaandika mwenyewe kwa mkono bila kugusa ya tano, kwa sababu alijua mimi ni mvivu, bado sijabadilisha. Foleni ikaanza kupungua. Gathogo akapita akaangalia saa, akapita tena. Halafu Alhamisi ya mwisho ya Julai, baridi ile ya Bahati ya kuingia kwa soksi, watu wamejaa, Mama Nekesa akaniuliza kupitia juu ya plywood, "Ciru, ile ya tano umeweka inyamaze?" Na mimi, mkono ndani ya mashine, karatasi imekwama, nikasema, "Eeh."

Marehemu alikuwa Mzee Kibe. Bahati yote ilimjua. Alikuwa na kufuli kwa geti, kufuli kwa bomba la maji, na parachichi yake alikuwa ameizungushia waya na kufuli. Watu walisema hata birika. Mpwa wake ndiye alikuja, ana haraka, anaongea na simu. Mama Nekesa akabonyeza ya tano akimwangalia kijana usoni, angoje inyamaze amuulize, na kabla hajageukia skrini kijana akasema, "Print tu, mathe, gari linaningoja," akalipa akatoka. Mimi ndiye nilitoa kopi mia mbili. Nilisoma. Nikaona mstari wangu pale, na nawaambia ukweli wa Mungu, sikufikiria kufuli. Niliona tu vile imetoka vizuri.

Jumamosi nilienda kwa mazishi, kwa sababu ni jirani na kwa sababu ya wali. MC akasoma kwa sauti ya redio. Akafika hapo. "Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mkarimu, na mlango wake haukujua kufuli." Pakawa kimya. Kimya ya watu mia mbili wanashikilia tumbo. Halafu mtu nyuma huko, chini chini, akauliza, "Ya geti ama ya bomba?" Kicheko kikaanza kwa hema la vijana, kikaja kwa akina mama, kikafika mpaka kwa kwaya. Mjane, nyanya tuliyemwita Cucu Wairimu, alikuwa mbele amefunikwa shali, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilitamani Oti aniletee saizi yangu.

Jumatatu Cucu Wairimu aliingia cyber na ile karatasi. Gathogo akasimama haraka, akamvutia kiti, na kabla mama wa watu hajakaa akageukia Mama Nekesa. "Umeona? Nilisema mpaka Agosti iishe, lakini hata hiyo ni mbali. Umeaibisha nyumba ya watu." Mama Nekesa akachukua ile karatasi. Akasoma, akafika hapo, akainua macho, akaniangalia mimi juu ya plywood. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja, vile alikuwa anangoja wateja.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kuku. "Hiyo mashine nilitengeneza mimi. Aliniambia inyamaze hapo, nikamdanganya nimebadilisha. Hayo maneno ni yangu, kufuli na yote. Kama kuna wa kwenda, ni mimi." Gathogo akafungua mdomo. Lakini nawaambia, hata hapo nilikiri nusu. Ya shutter nilikuwa nayo hapa kooni, na ikabaki hapo. Mimi ni mtu wa nusu: shule nusu, hadithi nusu, hata kutubu nusu.

Cucu Wairimu akagonga meza na kidole. "Mmemaliza? Mimi sikuja kulalamika. Mzee wangu alikuwa mchoyo, nimeishi naye miaka arobaini, mtaniambia nini? Nilicheka pale nikadhani nitazaa." Akanyoosha karatasi. "Lakini wajukuu wataweka hii. Nataka yake. Watu wanasema huyu mama huuliza." Mama Nekesa akaweka mikono kwa mapaja. Akauliza, alikuwa anapenda kula nini. Alikuwa anakasirishwa na nini. Wale wawili wakaongea mpaka chai ikaletwa, na watu wa foleni, badala ya kulalamika, wakasogea karibu kusikia. Mwishowe Cucu akasema, "Alikuwa anajua kila mti wa shamba ulipandwa na nani. Jioni alikuwa anazunguka anaigusa, mmoja mmoja." Mama Nekesa akaandika hiyo na kidole kimoja cha kulia, herufi kwa herufi, na hakuna mtu alikohoa. Gathogo alikuwa amesimama kwa mlango na saa yake, lakini hakuiangalia. Yule msichana wa college hakuja Agosti, na hakuja Disemba. Na mimi mchana huo huo nilichukua kipini cha nywele, nikainyamazisha ya tano.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minne, mpaka nikaja huku Karagita kuandikia watu wa mashamba ya maua CV. Siku ya kuondoka akanipa kisanduku, akasema yeye sasa ameyajua maneno yote kwa kichwa. "Na jogoo?" akauliza. Nikamwambia nitakupigia nikuambie. Nilimpigia mara nyingi. Tuliongea mambo mengine.

Sasa Nekesa amekaa mbele yangu, chai inapoa. Nikachomeka waya. Nikabonyeza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikabonyeza ya tano. Alikuwa mtu wa. Ikanyamaza. Ile alama ya kuandikia kwa skrini inapepesa, inapepesa. Nilikuwa na maneno, nani angekuwa nayo kama si mimi, na vidole vyangu vyote kumi vinakunjika. Nikaviweka kwa mapaja.

"Nekesa," nikasema, "Mama alikuwa anakasirishwa na nini?"

Akafikiria. "Mtu akimwonea huruma ya ule mkono."

Nikakohoa. Kompyuta za siku hizi hazizimi, huwezi kujificha. "Shutter ni mimi niliiachilia," nikasema.

"Si tunajua," akasema, hata hakuinua macho kutoka kwa kikombe. "Alituambia sisi wa nyumbani siku ile ile, bado yuko na bandeji. Tulikuwa tumekasirika, tunataka twende kwa Gathogo. Akatukataza. Alisema hadithi ilikuwa imefika patamu, na mkisema Ciru ndiye, huyo mtoto hataimaliza kamwe." Akaweka kikombe chini. "Alikuwa anatuuliza sisi, eti mnadhani alifanya nini. Hata hospitalini. Auntie, huyo jogoo alifanya nini?"

"Alitaga," nikasema.

"Nini?"

"Yai. Juu ya Biblia ya pasta. Kumbe kanisa lote tumeuza kuku mara tatu tukiita jogoo. Na wazee hawakupoteza muda, yai likaingia mnada."

Nekesa alicheka mpaka chai ikamwagika kwa bahasha, tukaruka wote wawili kuokoa picha, tunapangusa Mama Nekesa na leso yangu, tunacheka, tunapangusa. Tulipotulia nikarudi kwa kibodi, na nikaandika na kidole kimoja, cha kulia, polepole:

Alikuwa mtu wa kungoja hadithi iishe.